Fences jukwaani: uzoefu wangu kama mtazamaji

Nilikwenda kutazama Fences, tamthilia ya Mmarekani August Wilson iliyotwaa Pulitzer, tuzo ya uandishi ya Marekani, mwaka 1987, nikitarajia kisa cha mume, mke na hawara kama tulivyozoea katika maigizo ya nyumbani, ambapo hawara huingia kwa maringo na ugomvi ukaanza. Humu hawara, Alberta, haonekani hata mara moja. Mambo yote yanatokea uani kwa Troy Maxson, mzoa taka wa mji wa Pittsburgh, Marekani, katika miaka ya 1950, na tunachoonyeshwa ni jinsi nyumba yake inavyobomoka.

Sehemu iliyonishika zaidi ni pale Troy anapomwambia Rose, mkewe waliyeishi naye katika ndoa miaka 18, kwamba atapata mtoto kwa mwanamke mwingine. Anajitetea kuwa kwa Alberta husahau madeni na paa linalohitaji kutengenezwa, kana kwamba mkewe hakai chini ya paa hilohilo. Mwigizaji wa Rose alianza kujibu taratibu, akaeleza kwamba naye alikuwa na matamanio yake na aliyazika ndani ya ndoa hiyo, kisha sauti ikapanda kidogo kidogo mpaka mume akamkamata mkono kwa nguvu na Cory, mtoto wao, akatokea nyuma na kumpiga baba yake.

Alberta anafariki akijifungua, na Troy anarudi nyumbani amembeba kichanga. Rose anakubali kumlea Raynell, kwa kuwa mtoto hana kosa, lakini anamtamkia mumewe kwamba tangu hapo hana mke. Hawaachani. Baadaye Rose anakwenda zake kanisani na kumwambia chakula kiko jikoni, apashe mwenyewe. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko talaka.

Kasoro ipo. Mwigizaji wa Troy alifoka tangu mwanzo, hata hasira ya kweli ilipofika hakubakiwa na pa kupandia, na baadhi ya watazamaji wakacheka pasipostahili. Sehemu ya mwisho, ya mwaka 1965, ambapo Cory anagoma kwenda kumzika baba yake, nayo iliharakishwa.

Hata hivyo tiketi ilistahili bei yake. Kiingereza cha tamthilia hii ni cha mitaani kwa Wamarekani Weusi, kwa hiyo asiyekizoea asome tamthilia yenyewe kwanza, na watoto wadogo wabaki nyumbani.