Uzoefu wangu na Godot: bao moja, simuni na kwenye kompyuta

Nina miezi minane sasa natumia Godot, programu ya kuundia michezo ya kompyuta na simu, kutengeneza mchezo wa bao la Kiswahili. Nilitaka mradi mmoja ufunguke vizuri kwenye kompyuta na kwenye simu, nisiandike kitu kile kile mara mbili. Nimefika. Hapa nazungumzia kiolesura tu, yaani kile mchezaji anachokiona na kukigusa kwenye skrini, maana ndiko nilikokwama na ndiko programu hii iliponibeba.

Kwa asiyeijua, Godot ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur. Msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2014, na toleo la 4.0 likatoka Machi 2023. Leseni yake ni MIT, ya matumizi huru, kwa hiyo ukiuza mchezo wako hakuna anayekudai fungu. Unapakua, unafungua, unaanza kazi.

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Hesabu hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwa Android, ushauri ni kwamba kitu cha kuguswa kisiwe chini ya dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), yaani kama milimita 9, kwa sababu kidole hakina ncha kama mausi. Simu ya kawaida ikisimama wima ina upana wa dp 360 hivi. Gawanya kwa 8, unapata 45, na hapo hujaacha ukingo wala nafasi kati ya shimo na shimo. Bao haliingii.

Nikaona niligeuze: mashimo manne kwa upana, manane kwa urefu. Mashimo yakawa makubwa, yanagusika bila shida, nikafurahi. Nikampelekea ami yangu barazani. Akaishika simu, akaizungusha, akaizungusha tena, kisha akanirudishia. "Mwanangu, hili bao limelala ubavu. Mie ninayecheza naye namtaka mbele yangu." Hakuwa na la kuongeza, na alikuwa sahihi. Kazi ya wiki mbili nikaifuta, mchezo ukawa wa simu iliyolazwa.

Simu ikilazwa hesabu inageuka. Urefu dp 360, upana kama dp 800 kwa simu hizi ndefu za sasa. Shimo la dp 70 linaingia kwa raha: safu nne zinachukua 280, mashimo manane yanachukua 560, na pembeni kunabaki 120 kila upande. Hapo ndipo nilipoweka ghala. Kwenye namua, awamu ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji anaanza na kete 22 nje ya bao, na zamu inaanza kwa kuchukua moja, kwa hiyo ghala lazima lionekane muda wote.

Sasa Godot inaingiaje? Mradi mpya unakuja na ukubwa wa 1152 kwa 648. Kwenye mipangilio ya dirisha, sehemu ya Stretch, niliweka canvas_items, na kwenye Aspect nikaweka expand. Maana yake picha inakuzwa au kupunguzwa kufuata skrini, na skrini ikiwa ndefu kuliko mpango wako, Godot haikati wala haiweki mistari myeusi. Inakupa nafasi zaidi. Simu ya 20:9 inakuwa 1440 kwa 648. Tableti ya 4:3 inakuwa 1152 kwa 864. Bao lenyewe nimelitia ndani ya AspectRatioContainer, kisanduku cha Godot kinacholinda uwiano wa upana na urefu, yenye uwiano wa 2, kwa hiyo halivutiki likawa kama mkate uliokandamizwa. Ghala zimefungwa kwenye kingo za kushoto na kulia kwa nanga, yaani mipangilio inayoshikiza kitu kwenye ukingo wa skrini. Nikivuta dirisha kwenye kompyuta, kila kitu kinasogea mahali pake chenyewe. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nililivuta na kulirudisha lile dirisha kama mara kumi.

Lakini kuna jambo ambalo halionekani ukiwa kwenye kompyuta, na nalisisitiza kwa yeyote anayeanza. Kwenye simu ile ya upana wa dp 800, vipimo 1440 vya mradi vinagawanyika kuwa 1.8 kwa kila dp. Kitufe changu cha kurudisha hatua kilikuwa na vipimo 60, na kwenye kompyuta kilionekana kikubwa hata kupita kiasi. Simuni kikawa dp 33. Kila anayekigusa anagusa shimo la jirani. Nimevipandisha vitufe vyote hadi 90. Fanyeni hesabu hii siku ya kwanza, kabla ya kuchora chochote.

La pili ni mausi. Kwenye kompyuta niliweka kwamba ukipitisha mausi juu ya shimo, idadi ya kete inajitokeza na mwelekeo unaonyeshwa. Kidole hakipiti juu ya kitu, kinagusa tu. Godot kwa kawaida inaugeuza mguso kuwa kama mbonyezo wa mausi, kwa hiyo mchezo ulifanya kazi simuni bila kubadilisha mstari hata mmoja, ila zile taarifa zikapotea. Nimebadilisha kwa wote: mguso wa kwanza unaonyesha idadi, wa pili unacheza. Na mwelekeo nimeufuata kutoka kwenye kanuni za bao lenyewe. Kwenye namua, ukila shimo la katikati unachagua kichwa cha kuanzia (kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele), basi vichwa vyote viwili vinawaka. Ukila kwenye kichwa au kimbi, shimo linalokifuata, upande umeshaamuliwa, hivyo mchezo hauulizi kitu, unasambaza moja kwa moja. Swali moja limepungua kwenye skrini, na wachezaji wanaolijua bao waliliona hilo kabla sijawaambia.

Ami alinionyesha kosa jingine. Alikosea shimo, akabonyeza kitufe cha kurudi cha simu, mchezo ukafunga na bao lote likapotea. Godot ikiachwa ilivyo, kitufe hicho hufunga mchezo kwenye Android. Kuna alama ya kuondoa kwenye mipangilio, Quit on Go Back, kisha unaandika mwenyewe kitu gani kifanyike. Mimi nimekifanya kionyeshe menyu.

Kwa simu za bei nafuu, chagua mfumo wa uchoraji wa Compatibility tangu mwanzo. Na kwa mchezo wa ubao washa low_processor_mode: skrini inachorwa upya pale tu kitu kinapobadilika. Mtu anaweza kukaa dakika tatu anafikiria hatua yake, hakuna sababu simu iungue mkononi wakati huo.

Yaliyonisumbua? Sehemu ya skrini isiyofunikwa na tundu la kamera unaweza kuiuliza Godot, lakini jibu linakuja kwa pikseli halisi za skrini, si kwa vipimo vya mradi uliokuzwa. Nililitumia hivyo hivyo na ghala la kushoto likaruka hadi katikati ya bao. Lazima ugawanye kwanza kwa kiwango cha ukuzaji. Mafunzo nayo mengi ni ya Kiingereza, na mengine bado ni ya toleo la 3, ambapo majina ya nodi (vipande vinavyojenga mchezo) na mipangilio ni tofauti. Angalia toleo kabla hujanakili chochote. Na kama unapenda kuandika kwa lugha ya C# na unataka mchezo uchezwe pia kwenye kivinjari, ujue toleo la 4 halikuruhusu hilo, tumia GDScript, lugha ya Godot yenyewe.

Kuhusu bando: programu yenyewe ni ndogo, lakini ili utoe faili la Android unahitaji violezo vya kutolea mchezo, ambavyo ni vizito mara kadhaa kuliko programu, pamoja na vifaa vya Android na Java. Mimi nilivipakua usiku kwa bando la usiku. Ukishavipata, unachomeka simu kwa waya, unabonyeza mara moja, mchezo unafunguka simuni. Tangu hapo sijakubali badiliko lolote la skrini kabla sijaligusa kwa kidole changu.