Kliniki ya ubongo hapa Lushi: walimpima papa akitembea

Wengi mnauliza wapi mtapeleka mzazi ambaye ameanza kutembea vibaya na kusahau, basi naandika juu ya kliniki moja ya prive hapa Lubumbashi, upande wa mjini, pale tulimpeleka papa. Mwenye kutaka jina aniandikie pembeni.

Nilichopenda zaidi: walimpima papa akitembea. Kwingine kote walimuuliza leo siku gani, wakapima tansio, wakaandika vitamini, wakasema ni uzee. Na papa alikuwa anatembea kama miguu imegandishwa chini, hatua fupi fupi, kugeuka njo shida kabisa, halafu mkojo ukaanza kumtoka kabla hajafika chooni, kusahau kulikuja nyuma. Dokta wa hapa alimwona tu anaingia mlangoni akasema “Papa, usikae kwanza, tembea mpaka kule urudi”, akashika saa, akahesabu hatua. Njo akatuambia hizo tatu zikikutana, miguu, mkojo na akili, lazima mtu afikirie maji kujaa mu ubongo ingawa presha ya hayo maji ukipima iko ya kawaida, ugonjwa ambao Salomón Hakim wa Colombia na Raymond Adams waliuelezea mwaka 1965, na ni kati ya sababu chache za kusahau uzeeni zenye matibabu. Wazee wangapi wanaambiwa “uzee” bila mtu kuangalia miguu yao? Inaniuma sana.

Kwenye skaneri nina neno. Mashine ni sawa, foleni inaenda, lakini rapo ya kwanza ilikuwa mistari michache, eti ubongo umepungua juu ya umri, basi. Dokta akairudisha wapime upana wa vyumba vya maji vya ndani ya ubongo: unachukua upana wa pembe za mbele za vyumba hivyo unagawanya kwa upana wa ndani wa fuvu, ikipita 0.3 vyumba vimepanuka. Hiyo ni kazi ya rula tu, kwa nini isiwe kwenye kila rapo ya mzee? Ila peke yake haitoshi, juu ubongo uliosinyaa nao unaacha vyumba vipana, kwa hiyo aliangalia pia kama mikunjo ya juu kichwani imebanwa.

Kaka mkubwa akauliza, kama ni maji tu mbona akili imekuwa nzito hivi, dokta akachukua karatasi akachora mishipa. Ubongo wa mtu mzima unapitiwa na karibu mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika, kwenye ugonjwa huu damu hiyo inapungua, zaidi upande wa mbele na kwenye ule ubongo mweupe unaozunguka vyumba vya maji, na kadiri unavyokaribia vyumba ndivyo inavyozidi kupungua. Kule ndani vinafika tu vimishipa vidogo vya mwisho, vinavutwa na kubanwa na vyumba vilivyopanuka, na mtu aliyekaa na tansio miaka mingi kama papa vimishipa vyenyewe vimeshakuwa vigumu. Na njia za kuamrisha miguu na kibofu zinapita hapo hapo! Njo nikaelewa kwa nini walikazania dawa ya tansio wakati sisi tunawaza maji tu.

Nikasema basi tupige picha ya hiyo damu, hata kama ni kusafiri nje. Akakataa. Wagonjwa wengine damu inaongezeka baada ya maji kupunguzwa, wengine wanatembea vizuri na kipimo cha damu hakijabadilika sana, kwa hiyo picha hiyo bado haisemi kwa uhakika nani atafaidika na operesheni. Dokta anayekuzuia kutoa pesa bure, huyo namheshimu.

Walichofanya ni kutoa hayo maji ya ubongo kupitia mgongoni, kati ya mililita 30 na 50, waone kama kutembea kutabadilika. Mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwa hiyo ile hofu ya ku kartie kwamba mzee atakaushwa, iacheni. Kichwa kilimuuma jioni, kikaisha. Walimtembeza kabla, wakamtembeza tena baada ya masaa na kesho yake, mtu wa kine (wa mazoezi ya viungo) anapiga video na simu yetu, na tofauti unaiona: anageuka kwa hatua chache, hashiki ukuta. Mama aliangalia ile video tena na tena mu taksi. Walituambia pia kwamba ingekuwa bila mabadiliko, bado isingekuwa dalili kwamba ugonjwa haupo.

Kasoro zipo. Kila kitu na faktire yake, dola yenye alama kidogo wanairudisha, ngazi hazina pa kushikilia na choo kiko mwisho wa koridori. Kliniki ya watu wasiotembea vizuri na wasioweza kubana mkojo! Wasogeze choo.

Operesheni ya kuweka mrija kutoka ubongo mpaka tumboni hawafanyi wao, wanakuandikia barua. Huko mtakapoenda ulizeni aina ya valvu, yaani kifaa cha kwenye mrija kinachopima maji yatoke kiasi gani, zipo zinazorekebishwa kwa sumaku kutoka nje bila kupasua tena, juu maji yakitoka haraka sana damu inaweza kumwagika kati ya ubongo na fuvu, na mzee akipigwa IRM (MRI, picha ya mashine ya sumaku) baadaye valvu za aina hiyo lazima zikaguliwe. Na CD ya picha idaini kabla ya kumaliza kulipa, wanapenda kubaki nayo.