Kuijua dini ya jirani: mhadhara au baraza?

Mihadhara ya kulinganisha dini ilishika kasi Tanzania miaka ya 1980: vipaza sauti uwanjani, Biblia na Kurani mezani, msomaji anatajiwa aya, anaisoma, umati unashangilia au unazomea. Ina faida yake, maana wengi walifungua kitabu cha wenzao kwa mara ya kwanza pale. Ila husikilizi ili uelewe. Unavizia mwenzako ateleze.

Barazani mambo ni mengine. Kahawa chungu, kashata, bao pembeni, Muislamu na Mkristo benchi moja tangu utotoni. Mtu akisema, "Tangu nimzike mwanangu, hata kusali siwezi," hakuna anayekimbilia aya. "Pole sana, ndugu yangu. Usingizi unaupata?" Kisha anaachwa aseme, hata akinyamaza kikombe kizima.

Kujua dini ya jirani inasema nini, mhadhara unatosha. Kujua yeye anaishije nayo, mimi nachagua baraza, ingawa umbea nao umekaa papo hapo: siri ya jioni asubuhi iko sokoni. Na wanawake wengi hawaonekani pale. Yao huzungumzwa uani, wakisukana.