Sidingi ya faiba simenti: bao ni zuri, waliolifunga ndio wamenitoa machozi

Hii sidingi ya faiba simenti, yaani mabao ya simenti ya kufunika ukuta wa nje, nimekaa nayo miaka sasa, nyumba iko pembeni ya Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, kwa hiyo naongelea baridi ya kweli, ya kuganda miezi na miezi. Watu wakiniuliza kama inadumu nilikuwa nawajibu weka tu usiulize mara mbili. Leo nina hasira, mnivumilie.

Tatizo lilianzia ukuta wa juu ya gereji, pale bao la chini kabisa linapokutana na paa. Theluji ilipoyeyuka nikaona rangi imevimba, kugusa na kidole hivi, bao linabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati. Bao la simenti! Kitu tulichoambiwa hakiungui, hakiliwi na mchwa, unapaka rangi unasahau.

Nikawapigia waliofunga. Wakanizungusha weee, mwisho akaletwa bwana mmoja eti mkaguzi. Sasa sikilizeni. Mkataba nimesaini mimi, hela imetoka kwenye akaunti yangu, simu nimepiga mimi, lakini yule bwana muda wote anaongea na mume wangu. Nauliza mimi, anajibiwa mume wangu, ambaye katoka zamu ya usiku na hata hajui sidingi ilifungwa lini. Ngazi nilishaiweka tayari, hakupanda. Kasimama chini mikono mfukoni, anasema hayo ni maji tu, sidingi haina shida, na utunzaji ni kazi ya mwenye nyumba. Akataka risiti za kuosha ukuta na kuziba viungo. Risiti ya kuosha ukuta! Naosha mwenyewe kila mwaka kwa mpira wa bustani na brashi laini na sabuni kidogo, ile mashine ya presha sijawahi hata kuisogeza karibu, risiti nitoe wapi?

Nikachukua rula nikapanda mwenyewe. Maelekezo ya mtengenezaji yako wazi, bao likikutana na paa liachwe juu inchi 2, na kutoka kwenye udongo inchi 6. La kwangu limekalia vigae kabisa, hata kadi ya benki haipiti. Halafu pale gata inapoanzia hakuna kile kibati kilichokunjwa cha kuyasukumia maji ndani ya gata, kwa hiyo maji ya paa yanateremka nyuma ya mabao. Na ncha zilizokatwa hazijapakwa kitu, si praima, ile rangi ya msingi, si rangi yenyewe. Ndani ya lile bao kuna nyuzi za mti zimechanganywa na simenti na mchanga, ncha ikiachwa wazi inafyonza maji, usiku yanaganda yanatanuka, mchana yanayeyuka, kesho tena, msimu mzima, litaacha kubanduka? Nikamsomea yote hayo. Akamgeukia mume wangu akamwambia mkeo amesoma sana intaneti.

Jamani. Mpaka leo nikikumbuka natetemeka.

Na siku wanafunga walikata kwa msumeno mkavu, vumbi jeupe mpaka kwenye magari ya majirani, vumbi lenye silika linaloharibu mapafu, na vijana wao hawana hata barakoa. Watu wasiojali mapafu ya vijana wao wangejali inchi 2 zangu?

Siku ile nilitaka kuandika msinunue kabisa, bora vainili, ile sidingi ya plastiki. Lakini nitakuwa muongo. Pande tatu zilizobaki ziko vilevile, rangi ya kiwandani haijapauka, mvua ya mawe ilitoboa vainili ya jirani na kwangu hata alama sioni. Vigogota wanatoboa nyumba za mbao za mwerezi mtaa mzima, kwangu hawatui. Kazi yangu ni kuosha, na kabla baridi haijaingia nazunguka madirisha kuangalia silikoni ya kuziba viungo, iliyopasuka nakwangua napaka nyingine. Basi.

Kwa hiyo bao nalisifia. Ila hapana, ngoja, hata hilo nalisema kwa shingo upande, maana kitu kinachotaka fundi makini kiasi hicho kinauzwa vipi kama hakina usumbufu? Waranti ya bao imeandikwa miaka 30, lakini ni kwa kasoro ya kiwandani, likifungwa vibaya mtengenezaji anakurudisha kwa fundi na fundi anakurudisha kwa mvua. Unayetaka kuweka, mambo ya rangi na muundo mwachie muuzaji, wewe simama pale paa linapokutana na ukuta, na rula mkononi, kabla hujalipa hela ya mwisho.

Juzi wameniandikia watatoa mabao mapya ila kufunga nilipe mimi, na barua wameiandika kwa jina la mume wangu. Nimewajibu sisaini chochote mpaka waandike jina langu, kibati, na zile inchi 2 ndani ya mkataba. Bado wako kimya na theluji inakuja.