Baa ya kukaa kundi Ijumaa jioni Mtwara: ipi kwanza, ipi mwisho

Watu wanne mnaweza kukaa popote. Mkifika nane au kumi, jioni huharibiwa na meza, jiko au bili. Bei ya bia huja nyuma ya hayo.

Ya kwanza: baa ya bustani katikati ya mji. Ile ya vibanda vya makuti na viti vya plastiki. Meza mnaunganisha wenyewe, kelele zinapotelea hewani, bajaji ziko nje. Kabla hamjakaa, nendeni jikoni. Mara nyingi jiko ni la mtu aliyepanga pale, si la mwenye baa, kwa hiyo bili ni mbili. Nyama hupimwa mbichi, mfupa ukiwamo, na kilo ikishachomwa hupungua robo au zaidi. Kwa watu nane, kilo mbili za mbuzi na ndizi ni za kutafuna tu. Wanaotaka kushiba waagize tatu. Agizeni mara mnapofika, maana mbuzi anataka dakika 45 hadi saa nzima. Mkingoja njaa iume ndipo mwagize, mchomaji atachochea mkaa ili awahi, nanyi mtaletewa nyama iliyoungua nje na mbichi mfupani.

Friji nalo litazameni. Baa yenye friji moja huwatosheleza watu kumi raundi ya kwanza tu. Ya pili inatoka kwenye kreti, ya moto. Ombeni kushika chupa ya nyuma kabisa, si ya mlangoni.

Ya pili: ufukweni, Shangani. Hapa mnafuata upepo, pweza na ngisi. Vinywaji vya hotelini ni ghali zaidi, na samaki wa kuchoma muulizeni bei kabla hajawekwa motoni, kwa sababu huuzwa kwa ukubwa wa kukadiria kwa macho. Miezi ya kusi upepo huwa mkali, kaeni penye ukuta. (Anayetaka kuona jua likizama baharini amekosea pwani.) Mikindani pia pazuri, ila ni kama kilomita 10 kutoka mjini: pataneni na dereva wa kuwarudisha kabla ya chupa ya kwanza.

Ya tatu: grosari ya mtaani. Nafuu, lakini benchi mbili na choo kimoja. Inafaa watu watano wasiokula.

Ya mwisho: ukumbi wa muziki mkubwa. Mtapigiana kelele masikioni. Ofa zake ndizo nyingi, basi piga hesabu: chupa ya mililita 330 kwa shilingi 2,000 ni ghali kuliko ya 500 kwa 2,500.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hela zikishaingia, meza kubwa za Ijumaa huwahiwa mapema. Tumeni mtu saa 11.

Bili: chupa tupu zisiondolewe mezani, ziingie kwenye kreti chini ya meza, mhesabu pamoja na mhudumu. Baa nyingi mhudumu huchukua kinywaji kaunta kwa dhamana yake. Mmoja wenu akiondoka bila kulipa, dada yule ndiye anayekatwa. Changeni kwa mtu mmoja kabla ya raundi ya kwanza, naye alipe kwa lipa namba ya baa. Akituma kwenye simu ya mhudumu, ataambiwa aongeze ya kutolea.