Saanane na watoto, inalipa kabisa

Kama uko Mwanza na una watoto na bajeti ndogo, nenda Saanane jamani. Boti mnapandia Capri Point, dakika chache tu mpo kisiwani, na ni hifadhi ya taifa kabisa ile tangu 2013. Wa chini ya miaka 5 hawalipi na sisi raia kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha wageni. Wanangu waliwapenda pimbi hatari, wamejianika juu ya mawe hawana habari na mtu, mdogo akaganda pale mpaka nikambeba. Bebeni msosi na maji toka nyumbani, hapo ndo mnaokoa hela, ila tumbili wadokozi mno fungeni hotpoti vizuri. Ndala hapana, mawe yanateleza. Nendeni asubuhi, mchana jua balaa.