Bunduki na darubini ya kuwindia kindi: uzoefu wangu na CZ 457 na Leupold 2-7 huku Kentucky

Niseme mapema: kwa kindi, bunduki yoyote ya .22 (ya risasi ndogo, kipenyo cha karibu inchi 0.22) iliyo nzima itakupa nyama, lakini darubini isiyofaa itakulaza njaa. Nimewinda Kentucky, Marekani, misimu kadhaa sasa, mara kwa bunduki za kuazima, mara kwa zangu mwenyewe, na leo Mswahili mwenzangu wa Louisville au Lexington akiniuliza anunue nini, namjibu CZ 457 inayotumia risasi za .22 Long Rifle, na juu yake darubini ya Leupold VX-Freedom 2-7x33 (ukuzaji wa mara 2 hadi 7, lenzi ya mbele ya milimita 33), toleo la Rimfire, yaani la bunduki ndogo kama .22. Nitaeleza kwa nini, na yasiyonipendeza pia nitayataja.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana wengi huanza na bunduki. Msimu hapa hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti na kwenda hadi mwisho wa Februari, ukikatika kidogo tu msimu wa kulungu kwa bunduki unapofunguliwa. Ruhusa ni kindi 6 kwa siku. Wapo wa aina mbili: wa kijivu, mwenye uzito wa nusu kilo hivi, na kindi-mbweha mwenye tumbo la rangi ya kutu, ambaye akinenepa hukaribia kilo nzima. Agosti majani yamefunga msitu, huoni mbali. Unakaa kwenye shina la mti wa hikori kabla hakujapambazuka, mbu wanakunywa wanavyotaka, na unasikiliza maganda ya kokwa yakidondoka kutoka juu. Kindi wengi niliowapata walikuwa kati ya yadi 15 na 40. Majani yakishapukutika Novemba, wanakuona kabla hujawaona, na hapo umbali unaongezeka.

Kwa raifo mimi hulenga kichwa tu, kwa sababu mwili ndio kitoweo. Sehemu ya kumwangusha papo hapo haizidi kifuniko cha chupa ya soda. Kwa hiyo unachotafuta ni vifaa vya kupiga kitu kidogo, karibu, kwenye mwanga hafifu, huku shingo imepinda kuangalia juu. Ukiingia dukani na sentensi hiyo kichwani, nusu ya bidhaa ukutani zinajiondoa zenyewe.

CZ 457 hutengenezwa Uherský Brod, Ucheki. Ilitoka 2019 kuchukua nafasi ya 455, na kabla ya hiyo ilikuwepo 452 ambayo wazee wa huku bado wanaing'ang'ania. Ni ya kukoki kwa mkono kila risasi, magazini yake inabeba risasi 5, na bolti inazunguka nyuzi 60 tu, kwa hiyo hata darubini ikikaa chini mkono unapita bila kugongana nayo. Kilichonifanya nifungue pochi ni triga. Inarekebishika, na nilipoiweka nyepesi kiasi, inakatika safi bila kusuasua. Ukiwa umeegemeza mtutu kwenye shina la mti na kindi amekaa wima akitafuna, hiyo triga ina thamani kuliko urembo wote wa mbao za kitako.

Sasa yasiyonipendeza. Ile ya mtindo wa American niliyo nayo ina mtutu mrefu, karibu sentimita 63, na bunduki nzima hufika kama kilo 2.8 kabla hujaweka darubini. Kwenye vichaka vya Agosti urefu huo unakera. Pia haiji na vilengeo vya chuma, kwa hiyo bila darubini ni fimbo tu. Anayevitaka aangalie toleo la Lux. Na mgongo wake una mfereji wa milimita 11 wa kushikia darubini, si reli pana iliyozoeleka kwenye bunduki kubwa. Duka moja liliniuzia pete za kufungia darubini za reli pana, nikarudi nazo siku ileile. Taja milimita 11 kabla hujalipa.

Mzee jirani yangu, ambaye ndiye aliyenionyesha misitu ya umma kule Taylorsville Lake, anatumia Ruger 10/22. Hiyo ipo tangu 1964, inajikoki yenyewe, magazini yake ya mzunguko inabeba risasi 10, na vipuri vyake havina shida kupatikana. Ni fupi, nyepesi, na kwa kindi anayekimbia matawini ni tamu. Kama bajeti ni ndogo, nunua hiyo na usijute. Pesa inayobaki weka kwenye darubini. Sababu yangu ya kutoichagua ni tabia yangu tu: bunduki inayojikoki hunifanya nitume risasi ya pili kabla sijaifikiria ya kwanza. Sisi tuliokulia na manati tunajua thamani ya kokoto moja mfukoni.

.17 HMR, aina ya risasi nyembamba zaidi iliyoletwa na kampuni ya Hornady 2002, naipitia haraka. Risasi yake hutoka kwa zaidi ya mita 750 kwa sekunde na kunyooka ajabu hata kwenye yadi 100. Lakini ukikosa kichwa kwa kidole kimoja, nyama haipo tena. Na bei ya risasi si rafiki.

Darubini sasa, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Kijana akiona darubini imeandikwa 6-24x50 anadhani ameokota dhahabu. Kwa kindi wa yadi 15, ukuzaji wa 6 unakuonyesha manyoya na gome, hujui kama ni mgongo au mkia, na akiruka tawi moja umempoteza. Mimi hutembea na darubini ikiwa kwenye 2 au 3, naongeza hadi 5 nikishakaa na kindi akishatulia. Ile 7 naitumia zaidi uwanjani, kwenye karatasi, kuliko msituni.

Mwanga nao una hesabu yake, rahisi tu. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 33 kwenye ukuzaji wa 5 inatoa milimita 6.6, karibu yote ambayo mboni ya mtu mzima inaweza kupokea alfajiri. Lenzi ya 40 kwenye ukuzaji wa 12 inatoa milimita 3.3 tu, ndiyo maana picha inakuwa na giza ingawa lenzi ni kubwa zaidi.

Halafu kuna paralaksi, yaani msalaba wa kulengea kuonekana umehama jicho likisogea, ambayo muuzaji hatakuambia usipouliza. Kila darubini isiyo na kirekebisho imewekwa kiwandani kwa umbali mmoja. Shabaha ikiwa kwenye umbali huo, jicho likisogea pembeni msalaba haubanduki. Ikiwa karibu au mbali zaidi, msalaba unatembea juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Darubini za wanyama wakubwa huwekwa yadi 100 au 150. Chukua ya lenzi ya milimita 40 iliyowekwa yadi 150, ielekeze kwa kindi wa yadi 25, halafu shavu likae vibaya kwenye kitako kama linavyokaa ukiangalia juu ya mti: kosa linaweza kufika milimita 16 au 17. Kwa kulungu hilo si kitu. Kwa kindi umepiga sikio au hewa. Hii Leupold ya Rimfire imewekwa kwa yadi 60, na kwa lenzi ya 33 kosa kubwa kabisa kwenye yadi hizo 25 ni kama milimita 10. Jicho likikaa katikati kosa hilo halipo kabisa, lakini nani shavu lake hukaa katikati akiwa ameegemea mti na mbu sikioni? Vortex nao wana Crossfire II 2-7x32 ya Rimfire, iliyowekwa yadi 50, kwa bei ya chini. Niliangalia kupitia ya rafiki jioni moja; nilipenda picha yake mchana kuliko magharibi. Kwa mkoba mwembamba inatosha sana.

Nukta nyekundu, kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga badala ya msalaba, niliijaribu kwenye 10/22 ya mzee. Ni ya haraka kuliko kitu chochote, macho yote mawili yako wazi, kindi anakimbia na nukta inamfuata. Shida ni mbili. Nukta ya MOA 3 (MOA ni kipimo cha pembe, moja ni karibu inchi moja kwenye yadi 100) kwenye yadi 50 inafunika takriban sentimita 4, maana yake kichwa chote kimezama chini yake. Na sisi wenye astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho, hatuoni nukta, tunaona nyota iliyomwagika. Vilengeo vya chuma vya kawaida navyo alfajiri hupotelea kwenye gome jeusi la mti. Vile vya tundu la nyuma ni bora zaidi, ila si kabla jua halijatoka.

Kuhusu risasi, usiniamini mimi, iamini karatasi. Bunduki mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Nunua boksi moja moja za aina nne au tano, kaa kwenye meza, piga makundi ya risasi tano tano kwa yadi 50, halafu nunua nyingi za ile ambayo matundu yake yamebana pamoja. Yangu imependa CCI Standard Velocity, ya uzito wa greni 40 na kasi ya futi 1,070 kwa sekunde. Hiyo iko chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo haipasui hewa kwa mlio mkali, na mara nyingi kindi wa mti wa pili hata hakimbii, anaganda tu akisikiliza. Zile za kasi, kama Mini-Mag ya futi 1,235, hazikubana vizuri kwenye mtutu wangu, ingawa kwenye 10/22 ya mzee zinafanya maajabu.

Wengi hurekebisha darubini ili risasi igonge penye msalaba kwa yadi 50. Mimi nimeiweka yadi 40, na sibadilishi. Kwa risasi hiyo ya polepole, na darubini ikiwa inchi moja na nusu juu ya mtutu, kuanzia yadi 20 hadi 40 risasi haiachani na msalaba kwa zaidi ya nusu sentimita. Yadi 50 inashuka kama sentimita moja na robo, nalenga juu kidogo. Wa kuangalia zaidi ni yule kindi wa karibu sana, yadi 10, aliyeshuka chini ya mti mbele ya miguu yako: hapo mtutu bado uko chini ya mstari wa jicho, risasi inapita chini ya unapoona, na lazima ulenge juu ya kichwa. Watu humkosa huyo na kulaumu bunduki.

Jambo moja la kuipa sifa bunduki ya marisau. Risasi ya .22 inaweza kuruka hadi maili moja na nusu, na kindi anakaa juu, nyuma yake ni mbingu. Mimi sipigi kama nyuma ya kichwa chake hakuna shina au kilima, na hiyo inanifanya niache kindi wengi wa Agosti waliokaa kwenye ncha za matawi. Mwenye Remington 870 ya geji 20 na marisau namba 6 hupiga hao hadi yadi 30 au 35, na marisau hupoteza nguvu mapema. Kama unawinda karibu na mashamba na nyumba za watu, chukua hiyo. Gharama yake utailipa mezani: ugali, mchuzi wa kindi uliopikwa taratibu na nyanya, halafu ghafla chembe ya chuma kwenye jino. Na kwa bunduki yoyote, vaa glavu ukichuna.

Kwenye kununua: fomu 4473 ya serikali ya shirikisho, ukaguzi wa rekodi, ukitoka salama unaondoka nayo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hununua kama raia. Aliyeingia kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho humzuia isipokuwa ana mojawapo ya misamaha iliyotajwa, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo. Kentucky pia humtaka kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975 apite mafunzo ya usalama wa mwindaji. Yapitie hata kama umri unakusamehe.

Mwanangu nimemnunulia Savage Rascal, ya risasi moja moja, kilo 1.2 hivi, ambayo huja na kilengeo cha tundu. Ananiomba darubini kila wiki. Nimemwambia atapiga kwa tundu hadi makundi yake ya yadi 25 yaingie kwenye sarafu ya robo dola, na kwa anavyokwenda, nadhani kabla Februari haijaisha nitakuwa dukani naulizia ile Vortex.